Begi la Matairi Manne Lililoshuka Peke Yake Ikombe

Mpendwa mshauri, Mama Andongwisye, shikamoo. Naomba unisaidie, na ikiwezekana unijibu upesi, kwa sababu nasafiri wiki ijayo na mpaka sasa sijui nivute begi lipi.

Mimi ni afisa kilimo, kwetu ni Rombo, nilihamishiwa Kyela kushughulika na wakulima wa kakao, na hapa ndipo nilipompata mke wangu Asifiwe, fundi cherehani, mzaliwa wa Ikombe kule kwa wafinyanzi, tukafunga ndoa mwaka jana kanisani kwao. Mwezi uliopita nikachaguliwa kwenda Nairobi kwenye mkutano wa kakao, safari yangu ya kwanza ya ndege, na kila aliyewahi kupanda ndege akaniambia nisihangaike na sanduku kubwa, nichukue begi dogo la kuingia nalo mwenyewe ndani, na hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana sikujua kwamba begi dogo nalo lina madhehebu yake, kuna la matairi mawili unaloliinamisha na kulivuta nyuma yako, na kuna la matairi manne yanayozunguka kila upande, unalisukuma pembeni limesimama wima kama mtu mnayetembea naye.

Asifiwe ana begi la matairi mawili, jeusi, la kitambaa, ndilo alilokuja nalo tulipooana, akaniambia, "Chukua hili, Bryson, halijawahi kunisumbua," na mimi, Mama, sijui nilikuwa na nini siku hiyo, nikamjibu kwamba siwezi kuingia Nairobi na begi lililobeba vitenge, tena tairi lake moja linalia kama kifaranga. Akalirudisha uvunguni. Nikaenda Mbeya, muuza duka pale Mwanjelwa akalisukuma moja la rangi ya fedha kwa kidole kimoja tu, likateleza juu ya vigae mpaka miguuni pangu likasimama, nikaona limenichagua, nikalinunua. Asifiwe alipoliona alilizunguka, akalisukuma kidogo, akalitazama likienda, akasema, "Langu linasimama ukilisimamisha. Hili linasimama likitaka." Nikamwambia hajui mambo ya viwanja vya ndege, na ni kweli hajui, ila hata mimi sikuwa nayajua.

Basi nikaanza mazoezi ofisini, kwenye korido yenye vigae, asubuhi kabla wakulima hawajafika, naenda nalo na kurudi nalo, mwenzangu Gelasius akitoka mlangoni ananipigia makofi, "Sasa hapo ndipo afisa!" na mimi nikaamini.

Ijumaa iliyopita tukaenda Ikombe kuaga wakwe na kuombewa safari. Asifiwe akasema tuchukue mfuko tu, tunalala usiku mmoja, mimi nikasema begi linahitaji kuzoea safari, lakini ukweli ni kwamba nilitaka wakwe walione, na ndani nilikuwa nimekunja suti yangu ili nipigwe picha nimeshika mpini wake. Tulipofika Matema, ufukweni mwa ziwa, pa kupandia mtumbwi wa Ikombe, matairi yote manne yakazama mchangani, nikavuta, nikasukuma, nikaligeuza kinyumenyume, mwishowe shemeji yangu Lameck, kaka yake Asifiwe, mvuvi, aliyekuja kutupokea na mtumbwi, akaliinua akajitwika kichwani, na hivyo ndivyo begi langu lilivyozoea safari, kwanza kichwani kwa mtu, halafu juu ya mapaja yangu maana chini ya mtumbwi kulikuwa na maji.

Nyumba ya mama mkwe, Mama Anyelwisye, iko juu kidogo kutoka ziwani, ua wake umefagiwa na kukanyagwa miaka mingi mpaka umekuwa mgumu kama sakafu ya saruji, nao unateremka, na mwisho wa mteremko alikuwa amepanga vyungu vilivyokwisha kukauka, vikisubiri kuchomwa kwa ajili ya soko. Lameck akaliteremsha begi, nikalisimamisha, nikaliachia ili nimsalimie mama kwa mikono miwili kama walivyonifundisha. Likaanza kwenda. Mama Andongwisye, mimi nililiona. Lilianza polepole kama linajishauri, na mimi nilikuwa katikati ya salamu, mama mkwe ananiuliza habari za nyumbani, za kazi, za wazazi wangu Rombo, nikaona ni utovu wa adabu kumkatiza mkwe, nikawa najibu nzuri, nzuri, nzuri, huku macho yananitoka kulifuata begi, mpaka Asifiwe alipopiga kelele, "Begi!" na hapo lilikuwa limeshafika.

Vyungu ambavyo havijachomwa havipigi kelele vinapovunjika. Ulisikika mshindo mzito tu, kama mtu kakalia gunia la maganda ya karanga, halafu vumbi. Vingi vilikwisha palepale, na vile vilivyobaki vimesimama vilikuwa na nyufa.

Sasa hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Nilikimbia, watu wote wakanipisha wakidhani nakimbilia vyungu, na mimi nikaliinua begi, nikalifuta vumbi kwa mkono wa shati, nikaligeuza juu chini kutazama matairi. Nilipoinua uso, Asifiwe alikuwa ananitazama. Aliyesema kwanza ni mama mkwe mwenyewe, kwa upole, "Pole, mwanangu. Begi halikuumia?" Nami nikamjibu, "Hapana, mama, limechubuka kidogo tu."

Asifiwe akasema anabaki kumsaidia mama yake kufinyanga upya. "Wewe tangulia na mwenzako," akaniambia, na kwa mwenzangu alimaanisha begi. Lameck akanirudisha, akapiga kasia, tulipokaribia Matema ndipo akauliza, "Shemeji, breki zake huwa zinauzwa kando?"

Tangu hapo niko peke yangu Kyela. Tairi moja la begi jipya limeingiwa na udongo, nikilisukuma mbele lenyewe linakwenda kushoto. Juzi nikampigia Asifiwe simu kumwomba lile lake jeusi, akaniuliza, "Hilo ndilo ulilonipigia?" Nikasema ndiyo. Akakata. Nimelitoa uvunguni naliangalia tu, naogopa kulichukua bila ruhusa yake, na hili la matairi manne naogopa litaniaibisha mbele ya wageni, na Gelasius ameshaitangazia ofisi nzima habari za begi langu. Nimechanganyikiwa, Mama, hata kula sili vizuri. Naomba uniambie kwa uzoefu wako, kwa safari ya ndege lipi linafaa, la matairi mawili au la manne?

Ni mimi, Bryson, Kyela Mjini.

*

Bryson mwanangu, marahaba.

Ndege haisubiri gazeti. Ndiyo maana nilikupigia simu siku ileile barua yako iliponifikia, na haya unayosoma ulishayasikia kwa sauti kali zaidi. Nayachapa kwa ruhusa yako na ya mkeo. Yeye ruhusa yake ilikuwa neno moja: "Chapa."

Nianze na ulichouliza, maana hukutumia stempu bure. Begi la matairi manne ni zuri kwenye sakafu laini. Uzito wote unabebwa na matairi, bega lako linapumzika, na kwenye foleni unalisogeza kwa goti tu. Mwenye mgongo mbovu namshauri alinunue. Lakini halina breki, na wewe umeligundua hilo kwa namna ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine. Ndani ya basi litakukimbia kila kona. Vitairi vyake ni vidogo, vinachomoza nje, vinameza mchanga, na kwenye kipimo cha ndege vinahesabiwa pamoja na begi, kwa hiyo nafasi ya nguo inapungua. La matairi mawili linautwika mkono wako sehemu ya uzito, na ukitembea nalo sana kiwiko kitalalamika. Ila linapanda ngazi, linapita kwenye kokoto, na ukiliweka chini linakaa ulipoliweka. Sasa piga hesabu ya njia yako: kutoka nyumbani hadi stendi ya Kyela ni vumbi na mashimo, kisha basi hadi uwanja wa Songwe, kisha vigae. Vigae unavyovifanyia mazoezi ni kipande kifupi sana cha safari hiyo. Chukua la mawili. Kile kitairi kinacholia kitie tone la mafuta ya cherehani, na nyumbani kwako hayo hayakosekani.

Swali lako limekwisha. Tuje kwenye lile ambalo hukuliuliza.

Umeniandikia kurasa kuhusu matairi, na mke wako yuko ng'ambo ya maji, mikono yake imejaa udongo kwa ajili ya kosa lako. Halafu unaniuliza la mawili au la manne! Nilisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza, "Nifanye nini Asifiwe arudi?" Sikupaona.

Nakuonea huruma, usidhani sina moyo. Umekuja ugenini, umeoa ugenini, unataka wakwe waone kwamba binti yao hakukosea. Hilo naliona, na Asifiwe naye analiona kuliko unavyodhani. Kuliachia begi kwenye mteremko ni ajali. Kuogopa kumkatiza mkwe ni ujinga, lakini ni ujinga wenye adabu, na mama mkwe wako amekusamehe kabla vumbi halijatulia. Lakini mikono yako ilipofika pale chini ilichagua, na ilichagua begi. Mama mwenye hasara anakupa pole wewe, nawe unampa taarifa ya mchubuko! Mwanangu, mimi nilipofika kwenye mstari huo nilivua miwani.

Na lile la vitenge usilipitishe haraka kama ulivyolipitisha. Begi lile ndilo alilotokea nalo kwao kuja kwako. Hukulikataa begi, ulimkataa aliyelivuta.

Kwa hiyo nilikuagiza hivi, nawe hukubisha: nenda Ikombe kabla ya Nairobi. Usiende na begi lolote. Usiende na bahasha, mama yule hakukuomba kitu. Kufinyanga wanafinyanga wanawake na usijitie kujua, lakini udongo mbichi ni mzito na kuni hazijisogezi zenyewe. Ukifika sema, "Mama, nimekuja kufanya kazi," kisha nyamaza. Mkeo mwombe radhi mbele ya mama yake, kwa sababu pia ulimwaibisha mbele ya mama yake. Habari za begi jeusi usizitaje hata kidogo.

Jana umenipigia mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hukuanza na matairi. Umeniambia Mama Anyelwisye hakukukaribisha ukae, alikuonyesha tu mtumbwi uliojaa udongo, nawe ukaubeba udongo huo hadi uani, ukapanda na kushuka mteremko uleule mpaka mtumbwi ukabaki mtupu. Asifiwe alipita karibu yako mara nyingi kama anayepita mti. Adhuhuri ndipo aliposema, "Usiinue kwa mgongo. Chuchumaa." Ukaniuliza kama hiyo inahesabika kuwa ni mazungumzo. Inahesabika.

Ukamwomba radhi kwa sauti, na kwa lile la vitenge pia. Mama yake akacheka mpaka akafuta machozi, akakwambia, "Ndaga fijo, mwanangu," ahsante sana. Asifiwe hakucheka. Ulipoaga alikusindikiza hadi majini, akasema, "Begi chukua. Mimi nitarudi vyungu vikishachomwa."

Sasa unaniuliza kama amekusamehe. Hajakusamehe. Amekupa begi, na hayo ni mambo mawili. Usimpigie simu kutoka uwanja wa ndege kumweleza jinsi sakafu inavyong'aa. Mpigie umwulize vyungu vinakaukaje, kama mvua imewasumbua, kama mikono ya mama haiumi. Hilo la rangi ya fedha mpe Gelasius, aendelee kupiga makofi.

Na ukitua kutoka Nairobi usiende nyumbani kumsubiri. Vuka uende Ikombe uwepo siku ya kuchoma. Watawasha moto palepale uani na upepo wa ziwani utapeleka moshi upande mmoja. Mgeni huwekwa upande wenye hewa. Wewe usiwekwe popote: tazama Asifiwe ameketi wapi, na kama ni kwenye moshi, kaa hapo.