Kelele Zisizoingia Sikioni

3 Machi

Baba, shikamoo.

Natumai hujambo, na masikio hayakusumbui sana. Mimi mzima. Uliuliza nafanya kazi gani huku maabara. Nachunguza kelele, Baba. Kutwa nzima ni kelele tu. Mwezi ujao naonyesha matokeo mbele ya wakubwa; nikishindwa, kazi anapewa mwingine. Niombee.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu, marahaba.

Huku wote wazima. Barua yako imeninyima raha. Kelele kutwa? Mimi nimegonga vyuma vya mageti maisha yangu yote, na leo mama yako akisema "njoo ule" nauliza "nani yule?" Waachie kazi yao, wampe huyo mwingine. Nakutumia vifunika masikio vyangu vyekundu. Vivae mpaka siku utakayoaga kazi hiyo.

Baba yako

5 Aprili

Baba, shikamoo. Poleni na kazi.

Nimecheka mpaka machozi, kisha nikalia kweli. Kelele zangu hazisikiki. Umeme ni chembe ndogo mno, elektroni, na mimi naigiza kwenye kompyuta jinsi zinavyotoka kwenye kinjia chembamba kuliko jicho linavyoweza kuona. Zikitoka ovyo, mkondo unayumba. Kuyumba huko ndiko tunakokuita kelele. Nataka zitoke moja moja, kwa zamu, mkondo utulie. Siachi, Baba. Usinikasirikie.

Ila kompyuta zenyewe zina mafeni yanayonguruma vibaya. Nimevaa vifunika vyako. Vinanibana, vinanuka moshi wa karakana yako, na wenzangu wananiita Rubani. Sivivui.

Mwanao

2 Mei

Baba, shikamoo.

Hujajibu, na roho yangu haijatulia. Siku ya kuonyesha matokeo nilisahau kuvivua vifunika vyako. Mkuu wa maabara akauliza swali, nikaona midomo tu. Nusura nimwambie, "Nani yule?" Wakaviona, wakacheka wote, woga ukaniisha. Kisha mstari wa kelele kwenye kompyuta ukashuka karibu na sifuri mbele ya macho yao. Kazi ni yangu.

Mwanao

18 Mei

Mwanangu, marahaba.

Sikukasirika. Nilitaka kwanza nielewe, ndiyo maana nikachelewa. Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Najivunia wewe kuliko geti lolote nililowahi kusimamisha. Nimewaambia wateja kwamba mwanangu anatuliza umeme. Mmoja akauliza mbona wa kwake unakatika kila siku. Nimemwambia avute subira, wewe bado unashughulikia ule mdogo.

Vifunika ni vyako sasa. Endelea kuvivaa, urudi na masikio mazima. Lazima mmoja wetu awe anamsikia mama yako.

Baba yako