Baridi Tuliyoletewa

Jumatano. Mvua imetishia tangu asubuhi na imeishia kutishia tu. Jua lilipotoka mchana liliikuta Mengo yote imelowa jasho, na mimi nikiwa wa kwanza.

Ninaandika nikiwa jikoni, kanga mbichi shingoni. Chumbani kwa mama, nyuma ya ukuta huu huu, kuna baridi ya kugandisha mafuta ya nazi. Nashinda nikivaa sweta na kulivua. Nieleze ilivyokuwa, maana leo nimeona jambo ambalo sina pa kulipeleka.

Jirani yetu Mhindi alipofukuzwa nchini, nyumba yake ilichukuliwa na kapteni mmoja wa jeshi. Si mkorofi. Anasalimia, anacheka, watoto wa mtaani anawapa biskuti. Lakini aliweka mashine ya baridi dirishani kwake, mgongo wake ukielekea dirisha la mama, na joto lote lililotoka kwake likawa linaingia kwetu. Mama ni mtu mzima, usiku akawa anahema.

Mwingine angesema: Afande, geuza mashine yako. Sisi hatukulelewa hivyo, na hata tungelelewa hivyo, ni nani siku hizi anamwambia mwanajeshi ageuze kitu? Nikafanya kama alivyofanya bibi yangu kwa majirani zake. Nikakaanga sambusa, nikafunika sahani kwa kitambaa, nikaenda kusalimia. Wakati wa kuaga nikadokeza, kama jambo la kupita tu, kwamba mama anateswa na joto. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kapteni akatafuna, akafikiri, akapiga paja.

"Hapana sumbuka, dada. Mama yako ni mama yangu. Mimi taletea yeye baridi."

Nikarudi nyumbani nimefurahi. Mjinga mimi.

Jumamosi askari wake wakashusha mashine kutoka kwenye gari la jeshi. Haikuwa mpya. Juu yake ilikuwa na alama ya kuungua, ya mviringo, na waya wake ulikuwa umekatwa kwa kisu. Niliuona ule waya na sikuuliza kitu. Walitaka kuipachika dirishani, mgongo nje, kama inavyopasa. Kapteni akapiga kelele kutoka barazani kwake:

"Hapana huko! Joto yake tarudi kwa mimi. Weka ndani!"

Kumbe alijua. Siku zote alijua joto linaenda wapi.

Basi wakatoboa ukuta wa ndani. Mashine inatema baridi kwa mama na inatema joto kwenye korido, na korido inaleta lote jikoni. Tena vile vibao vya mbele vya kugawa upepo vimekwama upande mmoja, kwa hiyo baridi yote inamwangukia mama kichwani na mabegani, na pembe nyingine za chumba zina joto kama kwangu. Kitanda hakina pengine pa kukaa. Na mashine inagonga, inagonga, mpaka kichwa kinauma.

Kuizima nilijaribu Jumapili. Chai haijachemka, kapteni yuko mlangoni.

"Mashine nalala? Ama mama hapana penda zawadi yangu?"

Alikuwa anacheka. Mama akajibu, meno yakigongana, kwamba zawadi ni nzuri sana, Mungu amlipe. Haijazimwa tena. Kumhamisha mama nako siwezi, kwa sababu kapteni huja kumjulia hali saa yoyote impendezayo, na anataka kumkuta palepale, chini ya baridi yake.

Mama ana baridi yabisi. Magoti yake yamevimba, na tangu juzi anaswali ameketi. Namfunika blanketi, namwekea koti la marehemu baba, namkanda kwa mafuta ya moto. Nikimaliza tu maumivu yanaanza upya. Naogopa hatasimama tena, na nitakuwa nimemlemaza kwa sahani ya sambusa.

Leo mchana alikuja Bi Rehema kumtazama mgonjwa. Ni shoga wa mama tangu usichana wao, na ana msiba usio na matanga: mumewe alichukuliwa dukani kwake mchana kweupe, hajarudi wala hajaonekana. Baadaye nyumba yao ikapewa wengine pamoja na vyote vilivyokuwemo. Sasa amejibanza kwa mdogo wake, mtaa wa Kamwokya. Alikuja kwa miguu na uji wa mtama kwenye chupa ya chai, akaomba radhi kwamba hauna sukari.

Akakaa kando ya kitanda. Mashine ikagonga. Nikamwona ameinua uso, akaitazama ile alama ya kuungua. Nilidhani anashangaa baridi.

Akainuka. Akaipiga kofi moja pembeni, kwa chini, kisha akasukuma kibao cha juu kwa kidole gumba. Kugonga kukakoma. Vibao vyote vikafunguka, na upepo ukatawanyika chumbani, mpole, sawasawa, mpaka miguuni kwa mama, mpaka mlangoni niliposimama.

"Inakwama hapo," akasema. "Tangu siku niliyosahau chetezo cha udi juu yake. Baba watoto alinisema wiki nzima, bambi, masikini wa Mungu, halafu akajifunza kuipiga."

Mama akaanza kulia. "Rehema, hatukujua. Wallahi hatukujua."

"Najua, dada yangu. Kunywa, uji utapoa."

Nilitaka kumwambia aichukue. Aipeleke wapi, kwa gari gani, mbele ya macho ya nani? Nilitaka kumuuliza kapteni aliitoa wapi. Lakini siku hizi mtu hauawi kwa alichofanya tu, bali hata kwa anachojua. Nikasimama pale na mikono yangu ya jikoni, sikufanya lolote. Naona aibu, na aibu yenyewe haina kazi.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Kapteni alikuwa langoni kwake akioshewa gari. Akatega sikio upande wetu.

"Leo mashine naimba mzuri! Nani natengeneza?"

Bi Rehema alikuwa amesimama hapo hapo, kando yangu, ameshika chupa yake tupu.

"Imejitengeneza yenyewe, Afande," nikasema.

Kapteni akacheka sana. Bi Rehema akafunika kichwa vizuri, akamwitikia salamu, akashika njia. Hakugeuka nyuma.

Sasa ni jioni. Mama alilala tangu alasiri bila kutetemeka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Nimeshukuru. Nimeshukuru kwa kitu kilichong'olewa kwenye chumba cha Rehema, na sijui Mungu ataipokeaje shukrani ya namna hiyo.

Mashine imeanza kugonga tena. Vibao vimerudi upande, baridi yote iko mabegani kwa mama. Pa kupiga nimepaona. Nimeinuka, nikafika mlangoni, nikanyanyua kiganja, nikarudi kukaa. Kofi lile lina mwenyewe, na mwenyewe hatujui yuko wapi.

Mama ananiita. Naenda kuipiga.