Njia Inapita, na Wewe Bado Unachagua Vitesi

Mpendwa kaka,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti mbele ya mama, maana nilidhani labda macho yangu yamenidanganya. Hayakunidanganya. Unatuandikia kutoka Kampala kwamba umepata gari jingine la spoti, na kwamba umebaki na swali moja tu: uchukue lenye vitesi za mkono, gia unazoingiza mwenyewe, au lile lenye ambreyaji mbili, klachi juu ya klachi, linalojibadilishia vitesi lenyewe. Unaomba maoni ya familia. Halafu chini kabisa umeongeza kwamba mama asubiri kidogo, ukishachagua utakuja kumpeleka Fataki, kijijini kwetu.

Nilicheka, kaka. Nilicheka vibaya mpaka mama akaniuliza kama niko mzima.

Hapa tumeshapita na wewe. Umesahau? Kila Jumapili baada ya misa ulitoka kwako mtaa wa Nyakasanza ukaja kwetu mtaa wa Ngezi, suruali imepigwa pasi, ukavuta kiti karibu na cha baba, ukafungua simu. Mle ndani mlikuwa na picha za magari mawili mekundu ya yule muuzaji wako wa Kampala, kila kitu sawa isipokuwa bwati ya vitesi, lile sanduku la gia. Ukaanza kutuelimisha. Ambreyaji moja inashika vitesi ya kwanza, ya tatu na ya tano. Nyingine inashika ya pili, ya nne na ya sita. Moja ikifanya kazi, mwenzake iko tayari, na gari linabadilisha kabla hujafumba jicho. Baba alikusikiliza mikono iko magotini, kama anasikiliza mahubiri. Jumapili iliyofuata ulikuja umegeuka: sasa mwanaume wa kweli lazima aisikie vitesi ikiingia mkononi mwake, hayo mambo ya ambreyaji mbili ni ya watu wavivu. Na Jumapili ya tatu ukarudia ya kwanza, kwa sababu rafiki mmoja alikucheka. Yote hayo katika mji ambao ukiingiza vitesi ya tatu tayari uko ndani ya shimo.

Siku moja ulimuuliza baba mwenyewe angechagua ipi. Alifikiri vizuri, maana wewe ndiye uliyeuliza, na kwake swali lako lolote lilikuwa swali la maana.

"Ile yenye itafika Fataki," akasema.

Ulimpigapiga begani na kumwambia kwamba hajaelewa. Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria mkononi, na mpaka leo najuta kwamba sikukumwagia.

Kumbuka zilikuwa wiki gani zile. Njia ya Fataki ilikuwa inapita, bunduki zimetulia. Wanajeshi wa bariere, vile vizuizi vya njiani, walikuwa wanapunga mkono tu, wachuuzi wanapanda asubuhi na chumvi na sabuni, jioni wanarudi na maharagwe na viazi. Hakuna aliyeamini kwamba itadumu, kwa hiyo kila mtu mwenye shughuli kule juu alikuwa anakimbizana nayo. Kuna waliokwenda kufunika paa za nyumba zao, kuna waliokwenda kutafuta ng'ombe wa watu waliokufa. Baba alikuwa na shughuli moja: kaburi la mama yake. Tangu tulipokimbia vita kule hakuna aliyelipalilia, na alikuwa anaona haya nalo, haya kabisa, kama mtu aliyemwacha mama yake kanisani na nguo iliyochanika. Alitaka siku moja tu na jembe.

Pikipiki mgongo wake usingeiweza. Lakini mimi nilikuwa tayari naendesha kamyoneti, kile kilori cha Mama Kavira, yule mama wa Butembo anayeuza kabichi, na kila wiki nilikuwa napita Fataki. Nilimwambia baba apande mbele, nitamtilia mto. Akakataa. Nilimwambia tena wiki iliyofuata, akakataa tena, safari hii kwa ukali.

"Mutoto wangu iko analeta gari," aliniambia. "Watu wa kwetu wataniona nashuka ndani ya gari ya mutoto wangu. Weye endesha kabichi yako."

Kiburi kile wewe ndiye uliyempandikizia, Jumapili baada ya Jumapili, na picha zako mbili nyekundu. Ungemwambia neno moja tu, kwamba gari bado, apande na mimi, angepanda siku ileile. Hukusema. Ulikuwa unalinganisha.

Na mtu wa kulinganisha vitesi uwe wewe! Kaka, mimi nilikuwepo. Baba alipokuwa dereva wa paroko alitufundisha sote wawili kwenye ule mteremko wa Ngezi, na pikapu ilikuzimikia mara tatu, watoto wa shule wamesimama wanatazama. Ulishuka ukasema bwati imezeeka. Nikapanda mimi. Baba aliniambia nisitazame chini, nisikilize mngurumo wa motere kwa mguu, na pikapu ilipanda taratibu mpaka juu na bwati yake ileile ya kizee. Ulirudi nyumbani kwa miguu, na jioni ukamwambia mama kwamba mwanamke ataua ambreyaji ya watu. Miaka yote hii naipandisha kamyoneti kwenye matope ya Djugu na magunia mgongoni, na bado hujawahi kuniuliza mimi, hata kwa mzaha, vitesi za mkono zikoje.

Ukweli ni kwamba hukuwa unachagua gari. Ulikuwa unachagua jinsi utakavyoonekana ukishuka, na hilo halina mwisho, kwa sababu kila Jumapili kulikuwa na mtazamaji mpya.

Halafu risasi zikasikika upande wa juu na njia ikafungwa. Siku hiyo uliandika kwa yule muuzaji kwamba sasa umeamua, ambreyaji mbili. Baba alilala mgonjwa wakati wa mvua, na hakuinuka tena. Hakukulaumu. Mara ya mwisho kulitaja gari aliuliza tu kama limeshapita mpaka.

Lilipita. Lilifika juu ya lori siku mbili kabla ya mazishi yake, na vijana wa mtaa wakalibeba kwa mikono kulivusha mtaro wa mlangoni kwetu, maana tumbo lake lilikuwa linagusa chini. Ulisema baba ataenda makaburini na gari lake mbele. Sanduku la baba halikuingia, bila shaka. Lile lina viti viwili na mahali pa kuweka kofia. Basi sanduku likapanda kwenye kamyoneti ya Mama Kavira, iliyofagiliwa majani ya kabichi asubuhi ile, na mimi nikaendesha, na wewe ukafuata nyuma yetu na miwani yako. Mwendo wa watu wanaoimba, hatua kwa hatua, mlimani. Hazikupita dakika nyingi. Ambreyaji zako mbili ziliungua kwa kutambaa, taa ikawaka, gari likagoma katikati ya barabara na wazee wakalizunguka wakiendelea kuimba. Mtu mmoja akashauri lisukumwe liwake, ukamjibu kwa hasira kwamba gari la namna hii halisukumwi. Nilikuona kwenye kioo umefungua boneti. Baba tulimfikisha bila wewe. Ulikuja udongo umeshapigwa koleo la mwisho, na viganja vyako vilikuwa safi.

Nilikudharau siku ile, kaka. Nimejaribu kuacha na sijaweza.

Najaribu, kwa sababu nakukumbuka ukiwa mtu mwingine. Nilikuwa na miaka sita tulipokimbia Fataki, na ulinibeba mgongoni siku mbili. Hukuwa na viatu. Pale tulipofika penye njia mbili, watu wazima wakisimama kubishana, wewe ulitazama moshi uko wapi ukashika njia nyingine bila neno, na wote wakakufuata, hata baba. Nililala mgongoni kwako na nilipoamka ulikuwa bado unatembea. Yule kaka ndiye ninayemwandikia. Huyu wa Kampala na simu yake simjui, na simhitaji kwa lolote.

Sasa sikiliza habari zetu. Njia imeanza tena kupita, wiki ya pili sasa. Baada ya kusoma ujumbe wako kwa sauti, nilimtazama mama. Aliingia chumbani, akatoka na jembe la baba limefungwa kwenye kitenge, akakaa nalo mlangoni kama mtu anayengoja kuitwa. Asubuhi nilimtilia mto.

Tulipita bariere zote. Mama alishika jembe kati ya magoti, na kila nilipobadilisha vitesi alilisogeza kidogo ili mkono wangu upite. Tulipofika, watu walimwona anashuka kwenye gari la kabichi na hakuna aliyecheka. Mama mmoja mzee alimkumbatia akilia kabla hajashika ardhi vizuri. Kaburi la bibi tulilitafuta kwa shida. Nilitaka kumsaidia, akanikataza. Alilima peke yake, polepole, mpaka mawe yote yakaonekana, kisha akalipangusa jembe kwa kitenge na kusema kwamba mzee, baba yenu, sasa anaweza kupumzika.

Hapo ndipo aliponiuliza juu yako. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, nayajua kwa moyo, ndiyo haya uliyoyasoma. Lakini nilimwambia tu kwamba bado unachagua.

Mama hakukasirika. Alikuwa anatazama mawe.

"Umuache achague," akasema. "Yeye iko na wakati."

Hayo ndiyo maoni ya familia uliyoyaomba. Kaa salama huko Kampala, kaka. Siku ukitaka kumwona bibi, njoo bila gari, upande mbele na mimi. Njia ikiwa bado inapita.

Ni mimi, mdogo wako uliyembeba mgongoni,
dereva wa kabichi.