Filamu Tano za Mwaka wa Harusi Yangu

Chumba Na. 6, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Ukumbi wa Sinema.
12 Desemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza ukorofi unapopanda ngazi za ile winchi yako ya kuinulia mizigo. Unakula vizuri? Na yule mpishi wenu wa kazini bado anaunguza kila anachokigusa? Mama anauliza kama ile sweta aliyokufumia inakutosha au umeigawa. Huku kwetu tu wazima kiasi. Hicho kiasi nitakueleza, lakini niache kwanza nikusalimie kama mtu aliyelelewa.

Najua unachosubiri. Tangu uondoke sijawahi kuruka Desemba hata moja bila kukutumia filamu zangu tano bora za mwaka. Mwaka huu zimechelewa, na orodha nimeiandika mara tatu. Soma mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Mjomba, nimeolewa. Najua unajua, kadi ulipata, lakini napenda kuliandika. Mume wangu. Ngoja nirudie: mume wangu. Ni mwezi wa kumi sasa tangu harusi, na nikilitamka neno hilo pale duka la dawa ninapouza, wenzangu wanaziba masikio. Wanasema wateja wanakuja kununua panadoli na kuondoka na habari za ndoa yangu.

Unamkumbuka yule mzee aliyekuwa akitafsiri filamu enzi zako, akikaa kando ya pazia na kipaza sauti? Kiti kile sasa ni cha mume wangu. Filamu inakuja na lugha ya watu, yeye anaigeuza Kiswahili hapo hapo, mzungumzaji mmoja kwa wote: mwanamke, mtoto, polisi, hata mbwa. Watu wanamwita Redio. Majina ya filamu anayabatiza mwenyewe, kwa hiyo usihangaike kuyatafuta huko uliko.

Nilimpenda kabla sijamwona. Nilikuwa safu ya tatu, gizani, akawa anamsemea mwanamume anayemuaga mkewe kwenye kituo cha treni, na mimi nikajikuta nimeshika mkono wa mama nisiyemjua aliyekaa pembeni yangu. Taa zilipowashwa nikamtafuta mwenye sauti. Nikaona mtu mfupi, masikio kama vishikio vya sufuria, shati limefungwa vifungo vibaya. Nikajiambia, kumbe sauti kubwa hivi imepanga chumba kimoja. Na chumba chenyewe nikakipenda.

Sasa orodha.

Ya tano ni Vita vya Matope. Ilitoka Januari, kabla ya harusi. Wanajeshi wawili wa majeshi mawili wameangukia shimo moja na hakuna anayeweza kutoka bila kumpandia mwenzake begani. Ni filamu ya kuchosha kidogo, mizinga mingi kuliko maneno, lakini pale mizinga ilipolia mume wangu alikuwa anageuka kunitazama, na mimi nilikuwa napunga mkono kama mjinga. Nafasi ya tano inaitosha.

Ya nne, Bwana Harusi Kapotea. Hii tuliiona wiki moja baada ya harusi yetu. Ni vichekesho vya bwana harusi anayekwenda kuazima viatu asubuhi ya harusi na kurudi baada ya miaka miwili. Mjomba, mume wangu aliweka mambo yetu humo. Shangazi wa bibi harusi akazungumza kama mama mkwe wangu, neno kwa neno, hata kikohozi. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Mkata tiketi alicheka mpaka akaacha mlango wazi na watu kumi wakaingia bure. Sijui kama filamu yenyewe ni nzuri. Mimi nilikuwa na furaha kiasi kwamba hata tangazo la sabuni ningelipatia nafasi.

Hapa ilitakiwa nikuandikie ya tatu, lakini lazima nikueleze kwanza filamu niliyoifuta.

Mwezi wa tano sauti ya mume wangu ilianza kukwaruza. Tulidhani ni kazi. Maonyesho matatu kwa siku, nani asikwaruze? Mwezi uliofuata ikaja Msumari wa Nne. Ni habari za seremala mzee anayetengeneza majeneza ya watu ambao bado wako hai, kisha anakwenda kuwaonyesha, kwa upole kabisa, kama fundi anayetaka kujua kabati limependeza. Mume wangu akamsemea kwa ile sauti mbovu. Ilitoka kama msumeno kwenye mbao mbichi. Watu waliganda. Kwenye viti vya mbele kuna mama mmoja muuza nyanya, hajawahi kunyamaza sinema maisha yake yote. Siku hiyo alinyamaza.

Ilikaa wiki tano, ukumbi umejaa. Barabarani watu wanaitana kwa sauti ya seremala. Mwenye ukumbi akamwambia mume wangu asije akapona haraka. Alisema kwa utani, na sisi tukacheka. Nyumbani nilimwomba aniite chakulani kwa sauti ile ile. "Karibu, binti, nimekupima tayari." Nilikuwa nacheka mpaka nakaa chini.

Mjomba, mimi nauza dawa. Mfamasia wetu alinifundisha wiki yangu ya kwanza kazini: sauti ya mtu ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, usimuuzie kitu, mwambie aende hospitali. Wateja nawaambia kila siku, na kidole nainua. Mume wangu nilimpa vidonge vya kumung'unya. Wiki tatu, miezi mitatu, minne. Kila Ijumaa boksi jipya, nimelifunga na karatasi ya rangi, kwa mapenzi. Nilikuwa najua. Sitaki kukudanganya kwamba sikujua. Niliipenda sauti ile, na watu walipiga makofi, na mimi nilikuwa mke wa mtu anayepigiwa makofi.

Ndiyo maana filamu hiyo niliifuta kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Usiniulize kama ilikuwa nzuri.

Ya tatu basi ni Mjane wa Mnara. Mwanamke anaachiwa kazi ya marehemu mumewe ya kuwasha taa ya meli, na filamu nzima anazungumza labda mara kumi. Mume wangu aliifurahia kwa sababu ya koo. Lakini siku ya pili ya maonyesho, mjane alipofungua mdomo, kwenye spika hakukutoka kitu. Niliona midomo ya mume wangu inakwenda kwenye mwanga wa taa ndogo ya kiti chake. Watu wakadhani ndivyo filamu ilivyo. Mtu nyuma yangu akasema kwa kweli hapo wamejua kutengeneza.

Kesho yake nikampeleka hospitali.

Daktari wa koo ni mama mmoja asiyezunguka. Alitukalisha, akachora koo kwenye karatasi, akachora na uvimbe. Saratani, na imekaa kwenye kisanduku cha sauti chenyewe. Akasema kitolewe chote, na kitolewe mwezi ule ule. Baada ya hapo mume wangu atapumulia tundu shingoni na hatasema tena. Asipokitoa, hatafika katikati ya mwaka ujao. Mume wangu akamshukuru vizuri, akachukua kofia yake, akatoka bila kutia sahihi karatasi ya kukubali upasuaji, nikaibeba mimi.

Mjomba, wiki zile sita simtakii hata adui. Tulikaa chumba kimoja na ile karatasi ya sahihi juu ya kabati. Mama mkwe akaja, akakunja mikono, akasema mwanawe alikuwa na sauti kabla ya kuoa. Alikuwa anasema kweli kuliko alivyojua.

Nililia, nikapiga magoti, nikakataa kupika, nikapika vyote avipendavyo. Mume wangu ananiambia tu kwamba bado anafikiri. Mpaka jioni moja akiwa anapiga pasi shati lake la kazi, na kazi yenyewe hawezi tena, akaniambia kwa ile minong'ono iliyobaki:

"Wewe ulipenda sauti. Mimi ulinikuta nayo, kama mtu anayenunua redio akapewa na boksi."

Nikamwambia ni kweli, niliipenda sauti kwanza. Ningesema nini? Angejua naongopa, ameishi kwa kusikiliza watu wanavyosema. Nikamwambia na boksi nalipenda. Hakucheka.

Sasa ya pili, Barabara ya Chumvi. Madereva wawili wa malori ya chumvi, baba na binti yake, hawajazungumza miaka minane, na lori moja linaharibika breki mlimani. Mwenye ukumbi alikuwa ameshabandika matangazo, tiketi zimeuzwa, mtafsiri hana sauti. Mume wangu alikuwa ameitazama mara nne nyumbani na maneno yote ameyaandika kwenye daftari, kwa mazoea tu. Nikalichukua daftari. Onyesho la saa tisa alasiri nikakaa mimi kwenye kiti chake.

Nilikuwa mbaya, Mjomba. Baba, binti, polisi wa barabarani, wote walikuwa muuza dawa anayesoma maelekezo kwenye chupa. Dakika ya tano mtu akapaza sauti, "Dada, tumeze mara ngapi kwa siku?" Ukumbi ukaangua kicheko. Mwingine akauliza anayelia ni baba au ni breki. Yule mama wa nyanya akasema, wamrudishe Redio hata akiwa anakohoa. Nimeruka ukurasa mzima, binti akawa anamsamehe baba yake kabla hawajagombana. Lakini sikushuka. Nilisoma mpaka lori likasimama.

Mume wangu alikuwa amekaa kiti cha mwisho na taulo shingoni. Taa zilipowashwa nilimwona mabega yanatikisika, nikajua analia, nikamkimbilia. Alikuwa anacheka. Hakuna sauti hata kidogo, machozi tu na mabega.

Tulitembea mpaka nyumbani. Mlangoni akanishika kiwiko.

"Nikiwa bubu, ndivyo utakavyokuwa ukinisemea?"

"Hivyo hivyo, vibaya," nikamwambia. "Maisha yote."

Akasema basi nimletee kalamu na ile karatasi.

Ndiyo sababu Barabara ya Chumvi ni ya pili, ingawa kusema kweli mwisho wake hauna maana, na binti anaendesha lori akiwa na viatu vya visigino.

Mume wangu alifanyiwa upasuaji tarehe tisa mwezi huu. Daktari aliniambia usoni moja kwa moja, kama kawaida yake. Kisanduku kimetoka. Lakini amekuta uvimbe mwingine mdogo pembeni ya shingo, nao ameukata, na hajui kama umekwenda mbele zaidi. Mionzi itaanza Januari. Nilimuuliza kama tungekuja mwezi wa sita ingekuwaje. Akasema swali hilo nisijiulize. Najiuliza, Mjomba. Najiuliza nikiwa naosha vyombo, nikiwa nasubiri lifti ya hospitali, sasa hivi nikiandika.

Lakini nilikuwa nakueleza asubuhi ya upasuaji. Walikuwa wameshamvalisha lile gauni la kijani, amelala kwenye kitanda cha magurudumu, na muuguzi ametupa dakika chache. Alijua na mimi nilijua kwamba atakayosema hapo ndiyo maneno yake ya mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nilidhani ataniambia ananipenda, nami nilikuwa na jibu refu sana tayari.

Akaniuliza kama orodha ya Mjomba imekwenda.

Nikamwambia bado. Akataka aisikie. Nikamsomea, ya tano, ya nne, ya tatu, ya pili. Akauliza iko wapi Msumari wa Nne. Nikamwambia nimeifuta, hiyo filamu ndiyo iliyomfikisha hapa, hiyo filamu na mimi, sitaki hata kulisikia jina lake. Na ya kwanza nimeiacha wazi, hakuna filamu ya kwanza mwaka huu.

Akainuka kwa kiwiko kimoja. Muuguzi akasogea kumzuia, mume wangu akampungia mkono ampishe. Na kwa kile kilichobaki kooni, Mjomba, akamtoa seremala, yule yule, mbao mbichi na msumeno:

"Ile ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote. Iandike ya kwanza, mke wangu, usinidhulumu."

Kisha wakamsukuma.

Kwa hiyo ya kwanza ni Msumari wa Nne. Nimeiandika. Ni filamu nzuri, ndiyo, ni nzuri kuliko zote thelathini na moja nilizoziona mwaka huu, na sijawahi kuichukia filamu kama ninavyoichukia hii.

Usipige simu, Mjomba, ukipiga nitalia na yeye atabaki ananitazama. Andika. Kwenye barua mwandikie yeye, siyo mimi, na mbishie. Anapenda kubishiwa, na daftari jipya nimeshamnunulia. Msalimie mkaza mjomba na watoto. Mama anakusalimu, na mama mkwe pia, ambaye siku hizi anakuja hospitali kila asubuhi na kukaa upande wa pili wa kitanda, na tunagawana mikono ya mwanawe, mmoja wangu mmoja wake.

Mungu akushike huko juu kwenye winchi, na atushike na sisi huku chini.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, mke wa Redio.