Slab ya Kabiro na Shemeji wa Digirii Mbili

Laini Saba, Kibera
Jumapili, tukitoka kanisani

Mama Truphosa,

Nakusalimia na mikono yote miwili. Goti lako linasemaje na hii baridi? Na ile ng'ombe nyekundu imezaa, ama bado inakudanganya na hiyo tumbo? Mimi ni mzima, hata nimenona. Ukisikia mtu anakuja huko akisema Zablon amekonda, huyo ni wivu inamsumbua.

Hii barua anaandika kaka yako Jotham, kwa sababu unajua mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Nimemwambia aandike vile natoa kwa mdomo, asipunguze. Tayari amenikatalia mara moja. Nilisema niko na watu mia mbili chini yangu kwa mjengo, yeye anasema ni thelathini na wanane. Nikamwambia aandike zote, wewe utachagua.

Uliuliza kama anakula, na kama hiyo masomo yake itaisha. Kula anakula. Ugali nikiiweka mezani, mimi nikienda kunawa mikono, nikirudi napata sahani inanitazama tu. Masomo ndiyo iko na maneno.

Mimi nilikuwa nafikiria digirii ni moja, mtu akipata amemaliza. Kumbe iko na ndugu yake. Hii ya pili anasomea kusimamia mjengo: nani aanze, nani afuate, mchanga ije siku gani, mbao itolewe siku gani. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kwani hiyo inasomewa? Mimi nimesimamia watu tangu uhuru haijafika, na darasa langu ilikuwa ni hii mgongo. Lakini akaniambia mwalimu wake amemrudishia maandishi mara mbili, anasema, "Hii umetoa kwa vitabu, wewe hujaona mjengo." Ikirudi mara ya tatu, anaondoka chuo. Hakukuambia hiyo sababu hakutaka ukose usingizi. Sasa nimekuambia mimi.

Ndiyo akakuja kwangu. Unajua hapo Kawangware, pande ya Kabiro, kuna mzee mwenye ploti ananijengesha nyumba ya kukodisha, ya gorofa. Mimi ndiye nyapara. Jotham akaomba akae na sisi miezi tatu, aandike huo mjengo kwa kitabu chake, halafu mwalimu akuje kuona. Siku ya kwanza alikuja na viatu vinang'aa, unaweza kujitazama ukinyoa ndevu. Jioni nikampeleka soko la Toi tukamtafutia gambuti. Watu wangu wakampa jina, Digirii, na hata yeye akaanza kuitika.

Alichora karatasi kubwa kama kitambaa cha meza. Kila siku na mstari wake. Slab, hiyo sakafu ya konkriti ya gorofa, aliipa siku mbili, na katikati, juu ya bimu, ile boriti ya konkriti, akapiga mstari mwekundu: hapa ndipo kazi italala mpaka kesho. Halafu akaingia chini na chaki, akaandika namba kwa kila mti wa blugamu unaoshikilia mbao za slab.

Nikamuuliza, "Shemeji, unahesabu ng'ombe za kuogeshwa dip?"

"Nahesabu hizi zitakubeba wewe," akasema.

Watu walicheka, na mimi nilikasirika kidogo. Hapo ndipo nikaenda nikamwambia mwenye ploti, "Mzee, slab yako naimwaga siku moja. Hii ya siku mbili ni ya watoto wa shule."

Sasa sikia vile nilifanya. Nusu ya watu wangu wanasali kwa ile kanisa ya ngoma, nusu wako kwa letu la kunyamaza. Kila siku wanachokozana, hawa wanasema wale wanamsumbua Mungu, wale wanasema hawa wamelala. Nikawagawanya. Wa ngoma waanze pande ya barabara, wetu pande ya choo, kamba katikati. Wenye watafika kwa kamba kwanza wataletewa chai na wale wengine wiki nzima. Elisha, huyo mpiga ngoma wao, akapindua karai, akachukua kipande cha nondo, akaanza.

Mama Truphosa, sijawahi kuona watu wakifanya kazi namna hiyo. Wilbaro zilikuwa zinakimbia zikiwa zimejaa kama zinatoka tupu. Wetu, watu wa kunyamaza, walianza kuimba puani, halafu mdomoni, halafu mimi mwenyewe nikaongoza. Jotham anasema sauti yangu haikuwa inasikika mpaka Dagoretti. Mwache aseme, yeye alikuwa chini ya slab.

Shida ni kwamba mtu akishindana hatandazi. Anamwaga konkriti hapo wilbaro imefika, anarudi mbio, anasema atatandaza baadaye. Pande yetu tulikuwa na kichuguu ya konkriti inanifika kwa magoti. Mimi niliiona. Lakini kamba ilikuwa karibu, na Elisha alikuwa ameanza kutokwa na jasho.

Jotham akapanda. Akakuja mpaka kwa sikio langu, pole pole, asiniaibishe.

"Shemeji, simamisha. Mti namba kumi na moja, chini ya hii kichuguu, unapinda."

"Umepinda tangu msituni."

"Asubuhi ulikuwa umenyooka. Nimeupima."

"Rudi kwa kitabu yako," nikamwambia, na nilisema kwa nguvu, wote wasikie. Wakacheka. Yeye akageuka. Akashuka.

Baada ya kidogo mwanamke mmoja wa kubeba maji akaniita, "Mzee, Digirii ameingia huko ndani na hataki kutoka."

Nikalala kwa tumbo pale ukingoni, nikachungulia chini. Kaka yako alikuwa amesimama katikati ya miti, ameegemeza bega kwa namba kumi na moja, anajaribu kusukuma mti mwingine kando yake, peke yake. Maji ya simiti inamdondokea kichwani.

"Jotham, toka huko."

"Simamisha kwanza."

"Toka ndiyo nisimamishe."

"Simamisha ndiyo nitoke."

Hiyo sauti naijua. Ni ile yako, siku nilitaka kuuza mabati ya jikoni. Nikajua huyu hatoki. Na nikajiona nikishuka kwa basi huko nyumbani, wewe umesimama kwa mlango, unaniuliza umemweka wapi. Niliinuka, nikaenda kwa Elisha, nikamnyang'anya karai, nikaikalia. Ndiyo hapo watu wote wakasimama.

Hakuna mtu aliumia. Kichuguu tukaitandaza na sepeto, tukaongeza miti saba, pande yetu tukaifikisha mpaka mstari mwekundu na kazi ikalala hapo, vile karatasi ilisema. Kesho yake tukamaliza pande ya ngoma. Chai kila mtu alijiletea.

Mwalimu wake alifika Jumanne, mtu mrefu, hacheki. Alisimama juu ya slab na mwenye ploti, akaona pahali pale palipozama kidogo, juu ya namba kumi na moja, akauliza siku ya kwanza ilienda namna gani. Jotham akamwambia ilikuwa ni makosa ya mpango wake, hakuhesabu watu vizuri.

Hiyo ilikuwa ni uongo, na alisema kwa sababu yangu. Mwenye ploti akijua ni mimi, naweza kurudi kubeba karai na hizi nywele nyeupe. Na nitakuambia kitu wewe, sababu hakuna mwingine naweza kuambia: nilinyamaza. Nilimwacha aseme. Mpaka mwalimu akafunga daftari, akasema, "Basi hii itakuwa ni mara ya tatu."

Ndiyo mdomo wangu ukafunguka. Nikasema, "Mwalimu, mpango ulikuwa mzuri. Ni mimi niliuvunja, na ngoma." Nikamwambia yote, mashindano, kichuguu, mti namba kumi na moja, vile kijana aliniambia nikamfukuza. Sikuongeza kitu. Jotham hapa anaitikia na kichwa, ni shahidi.

Mwalimu akafungua tena daftari. Halafu akamgeukia Jotham. "Kwa nini hii haiko kwa maandishi yako?"

"Huyu ni shemeji yangu."

"Iandike. Yote. Andika vile watu wakifurahi wanaweza kuangusha nyumba. Hiyo ndiyo sijaona kwa kitabu chochote."

Ameiandika, usiku na mchana, na Ijumaa mwalimu akaipokea, akamwambia aendelee mpaka mwisho. Kaka yako hafukuzwi, Mama Truphosa. Lala.

Mwenye ploti hakunifukuza pia, lakini alisema maneno mbele ya watu, na nikamwambia pole, jambo unajua si kawaida yangu. Mwezi ujao tunamwaga slab ya juu. Jotham akisema simama, mimi nitasimama.

Msalimie mama mkwe, umwambie bado ninamwogopa. Msalimie Truphosa anayekusomea hii, aache kuruka mahali nimekusifu. Na ndugu yangu mdogo anayekulimia pale mtoni, umwambie hapo kwa mpaka ninapajua mpaka majani, asipasogeze. Watu wakiuliza habari ya slab, waambie Zablon aliimwaga na ikasimama. Habari ya nani alisema simama, Jotham mwenyewe akuje awaambie siku atakuja na hiyo digirii, na mimi nitakuwa nimekaa hapo kando yake, sitamkatiza.

Ni mimi mume wako anayekukosa,
Zablon, nyapara, bado