Vigingi Vyekundu Malishoni kwa Baba Mdogo

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za ukoo mzima. Je, mgongo umepata nafuu? Baridi ya huko imelegea? Na watoto, bado wanaijua lugha yetu, au siku hizi wanaitikia kwa kutikisa kichwa tu? Sisi tu wazima, ila nyumba ya Baba Mdogo imepoa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Ulisikia habari za ile njia ya baiskeli ya masafa marefu, ya kukatiza wilaya kadhaa? Mimi sina ugomvi na baiskeli. Nina ugomvi na utovu wa adabu. Kabla mkulima yeyote hajaulizwa neno, wapimaji walikuja wakapigilia vigingi vyekundu katikati ya malisho ya Baba Mdogo, baina ya zizi na mto. Baadaye ndipo wakatuita ukumbini tutoe maoni!

Nilisimama nikawaambia kwamba mchumba huulizwa kabla ya kupangwa siku ya harusi. Mpimaji akajibu kwa upole kuwa zile ni alama za majaribio tu. Baba Mdogo akanivuta shati kwa nyuma: "Kaa chini, mwanangu. Anayekuuliza kama umeshiba, na sahani ameshaiondoa, huyo hakuulizi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, Dada.

Unamjua Baba Mdogo. Maishani mwake kila kigingi kimekuwa hukumu. Barabara ilimega shamba la babu hivyo hivyo, nguzo za umeme zikafuata. Basi hakungoja. Aliuza ng'ombe wote, hata yule mkongwe aliyemwita Bi Mkubwa, ili asije akawaona wamesimama na kiu huku mto wanausikia. Hakumshauri mtu.

Juzi majibu yakatoka. Walitusikiliza! Njia imehamishiwa kando ya reli ya zamani, na vigingi vimeng'olewa. Mimi niliyejaza magazeti makala za kuwaita viziwi, leo sina pa kuitua hasira yangu.

Nilimkimbilia mnunuzi wa mifugo aliyewachukua, niwakomboe ng'ombe. "Umechelewa, Mzee wa Hoja," akaniambia. "Labda ukabishane na mchuzi."

Nilipompa Baba Mdogo habari, alisema tu, "Basi vizuri," akachukua ufagio akaenda kufagia zizi ambalo halina hata unyasi.

Shangazi anakusalimu, na mke wangu pia. Msalimie sana shemeji, uwabusu wapwa zangu.

Ukimpigia Baba Mdogo simu, nakuomba usianze na habari za ng'ombe. Muulize hali yake mwenyewe. Hajazoea kuulizwa, kwa hiyo akinyamaza usikate simu. Mngoje.

Mola akufunike kwa rehema zake huko ugenini.

Mdogo wako mbishi, akupendaye bila ubishi,
Kitinda mimba wenu