Majina Niliyobuni ya Wagonjwa

Shangazi Waiyego mpendwa, naomba unisaidie, kuna sauti hainitoki: kidole cha karani kikigonga kitufe, tak, tak, tak, huku kompyuta imeganda. Kazi yangu ni kupima kama mfumo wa rekodi utastahimili watu wengi kabla haujaanza kutumika, na huu ni wa kliniki moja ya akina mama, kwa hivyo nilibuni wagonjwa elfu arobaini, nikabuni na makarani wa kuwatafuta, majibu yakaja kufumba na kufumbua, nikaandika kwamba mfumo uko sawa, na mkubwa wangu Mungai akanisifu mbele ya wote. Juzi nilienda kliniki kutazama. Karani, Mama Jeconia, aliandika “Chep”, mwanzo wa jina la mgonjwa, akangoja, akabonyeza tena na tena, hadi mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye homa akauliza, “Kwani faili mnaitafuta Uganda?” Foleni ilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu majina yangu niliyagawa sawasawa kutoka A hadi Z, na kwenye foleni ile karibu nusu ya majina yalianza na Chep au Kip, kama majina mengi ya Kikalenjin, kwa hivyo mfumo ulipekua maelfu kwa mpigo na kuanza upya kila alipobonyeza, ilhali karani wangu wa kubuni hubonyeza mara moja na kungoja kwa adabu. Mfumo unaanza tarehe moja ya mwezi ujao. Mungai anasema, “Wewe unafikiria sana. Si waandike jina lote?” Sijathibitishwa kazini, nikiifuta ripoti naweza kufutwa nayo, nikinyamaza wagonjwa watangoja. Nifanye nini?
Nanzala, Huruma, Eldoret

Nanzala, pole, lakini kidogo tu. Umeishi Eldoret miaka mingapi? Simama sokoni uite “Chepkoech!” uhesabu shingo zitakazogeuka. Ulipima mji usiokuwepo. Hilo ni kosa, si aibu. Aibu ni kulijua na kuliacha lifike tarehe moja. Mungai naye, hajawahi kupanga foleni na mtoto mgonjwa? Usibishane naye kwa mdomo. Omba kliniki ikuhesabie ni majina mangapi huanza na herufi zipi, majina yenyewe yabaki kwao, maana ni siri ya wagonjwa. Rudia kipimo, na karani wako akose subira kama Mama Jeconia. Kisha andika kwamba ripoti ya kwanza haifai, na utie jina lako.

Shangazi, nimerudia. Kutafuta jina linaloanza na Chep kulichukua sekunde thelathini na nane. Nimeandika ulivyosema, kwa Mungai na kwa kliniki. Leo saa nne asubuhi nilibonyeza kutuma, mara moja, nikangoja.
Nanzala